Ndoto Njema au Jinamizi: Mbegu Ipi kwa Mwandishi wa Hadithi?

Vijana wanaoandika hapa Lamu huniletea swali hili mara kwa mara, na aghalabu huja na swali la pili ndani yake. Mtu ameamka na kitu kichwani, kitu chenye rangi na sauti kuliko chochote alichowahi kukitunga akiwa macho, na anataka kujua iwapo kinafaa kuwa hadithi. Swali la pili, ambalo hulisema kwa sauti ya chini, ni iwapo ana ruhusa ya kukiandika. Nitajaribu kuyajibu yote mawili kwa kuziweka ndoto njema na jinamizi ubavu kwa ubavu, na msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asiungoje: anayetaka kuanza hadithi fupi na hana chochote mkononi atafaidika zaidi na jinamizi, ilhali yule aliyekwisha kupata tatizo la hadithi yake lakini hajapata ulimwengu wa kuliweka, ndoto njema ndiyo itakayomfaa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Ndoto njema hapa ni ile inayomwacha mtu na utulivu au shauku, hata akatamani kurudi kulala ili aiendeleze. Jinamizi tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Watu wengi siku hizi huita jinamizi ndoto yoyote ya kutisha inayomgutusha mtu huku moyo ukimwenda mbio, na hiyo ndiyo maana nitakayoishika. Wazee wetu, hata hivyo, wakisema mtu amekabwa na jinamizi, wanamaanisha hali ya kuamka macho huku mwili ukikataa kusogea, kifua kimeelemewa, na chumbani kuna kitu kinachohisiwa lakini hakionekani vizuri. Hilo la pili lina maelezo yake: katika usingizi wa ndoto karibu misuli yote ya mwili hulegezwa ili mtu asifanye kwa viungo vyake anayoyaota, na mara nyingine akili huzinduka kabla ya mwili kufunguliwa. Hudumu sekunde chache, au dakika moja mbili, kisha huondoka. Kwa mwandishi, kukabwa huku kuna faida finyu. Kunampa hisia ya mwili isiyo na kifani, ila hakumpi tukio, kwa sababu hakuna linalotokea zaidi ya kukabwa. Aliyewahi kupitia hali hiyo na aihifadhi kwa siku atakapohitaji kueleza hofu ya mhusika asiyeweza kupiga kelele, wala asiifanye kuwa hadithi nzima.

Kinachobaki asubuhi

Tofauti ya kwanza, na pengine ndiyo inayoamua mengi, ni kwamba jinamizi hukaa na ndoto njema huondoka. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba watu walioamshwa katika kipindi hicho walikuwa wepesi wa kukumbuka ndoto. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Cha kwanza ni cha dakika chache, na kila kinachofuata hurefuka, hata ndoto ndefu na zenye mambo mengi zikaangukia mwisho wa usiku. Jinamizi hukumbukwa kwa sababu lenyewe ndilo linalomwamsha mwotaji, likamtoa katikati ya tukio akiwa amelishika mkononi. Ndoto njema haimwamshi mtu. Hulainika ikawa usingizi mwingine, na mwenyewe anapofumbua macho huwa amebaki na harufu yake tu.

Hapa mkazi wa Lamu ana bahati ambayo sijaona ikitajwa. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, adhana ya alfajiri haihami sana mwaka mzima. Huwa karibu na saa kumi na moja, kaskazi iwe inavuma au kusi. Anayeamka kwa adhana hukatizwa usingizi katika saa zile zile ambazo ndoto ni ndefu kuliko zote. Mimi ndoto zangu njema karibu zote nimezipata kwa njia hiyo, na nimejizoesha kuandika maneno matatu au manne kabla sijainuka kwenda kutia udhu: jina la mahali, rangi, na neno lolote lililosemwa. Mengine huyajaza nikisharudi. Nisipoandika maneno hayo matatu, maji ya udhu huondoka na ndoto yote. Jinamizi halihitaji haraka hiyo, na mimi siliandiki siku hiyo hiyo, kwa sababu nitakayoyaeleza mbele.

Kama chombo cha kuandikia ni daftari au simu, sioni haja ya kubishana sana. Daftari ni bora, kwa kuwa simu ikiwashwa huja na ujumbe wa watu na mwanga wake huiua ndoto. Anayependa kujirekodi sauti na ajirekodi, ila ajue kwamba sauti ya mtu mwenye usingizi haisikiki vizuri ifikapo saa nne asubuhi.

Mfano unaojulikana sana wa ndoto njema iliyopotea ni wa mshairi Samuel Taylor Coleridge. Alieleza mwenyewe kwamba mnamo 1797, akiwa amelala baada ya kutumia afyuni, alitungiwa usingizini beti zisizopungua mistari 200 kuhusu kasri la anasa; alipoamka akaanza kuziandika, akaja mgeni mwenye shughuli kutoka kijiji cha Porlock akamzuia zaidi ya saa nzima, na aliporudi mezani hakukuta chochote isipokuwa mistari michache iliyotawanyika. Shairi lililochapishwa mwaka 1816 lina mistari 54. Wako wasiouamini mkasa huo wote, lakini kila aliyewahi kuota bustani na kuitwa na mtu mlangoni anajua kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kinachotokea ndani yake

Tofauti ya pili ni ya undani zaidi, na ndiyo iliyonifanya nipendelee jinamizi. Nitaieleza kwa ndoto zangu mbili, kwa kuwa za wengine siwezi kuzifungua mishono.

Ndoto njema ilikuwa hivi. Maji ya bamvu yalikuwa yamepanda hadi mji mzima ukazama, pakabaki madari tu, na babu yangu alikuwa ameshika usukani wa jahazi likipita juu ya paa za mtaa wa Mkomani kama linavyopita mkondo wa Manda. Watu walikuwa madarini mwao wamekaa juu ya mikeka, wakatupa vikombe vya kahawa na vipande vya halua tulipopita, na chini ya maji niliziona njia za mji, na milango ya nakshi iko wazi, na samaki wakiingia nyumba hii na kutokea ile. Niliamka na furaha iliyodumu siku tatu. Niliandika kurasa 11, na kila ukurasa ulikuwa mzuri, na hapakuwa na hadithi. Babu hakutaka chochote. Mimi sikutaka chochote. Waliokuwa madarini walikuwa wameridhika na mafuriko. Nilijaribu kutia dhoruba, nikaona dhoruba ile ni ya kupachikwa. Nikajaribu kumtia mtu anayezama, ndoto ikamkataa, kwa kuwa katika maji yale hakuna aliyeweza kuzama. Kurasa zile zilikaa kwenye mkoba kwa miaka minne.

Jinamizi lilikuwa hili. Nilikuwa nikirudi nyumbani usiku kupitia vichochoro, na kila nilipopita chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine, nilikuta limeshuka zaidi, hata la mwisho nilipita nimeinama. Nyuma yangu nilisikia kwato za punda asiyetokea. Nilifika mlangoni kwetu nikabisha. Mama yangu akauliza kutoka ndani, “Nani?” Kabla sijafungua kinywa, sauti yangu mwenyewe ikamjibu kutoka kule kule ndani alikokuwa yeye: “Hakuna mtu, mama. Ni upepo.” Nikasikia komeo likitiwa.

Ndoto hii ni fupi, na haina uzuri wa ile ya jahazi hata kidogo. Lakini tazama kilichomo. Kuna mtu anayetaka kitu, tena kitu kimoja tu: kuingia kwao. Kuna kizuizi, na kizuizi hicho kina sauti. Kuna mtu wa tatu, mama, ambaye anadanganywa na hajui. Kuna tendo la mwisho lisilorudishika nyuma, la kutia komeo. Sehemu kubwa ya kazi ambayo mwandishi huifanya kwa jasho, ya kumtafutia mhusika haja na wa kumzuia asiipate, jinamizi lilikuwa limekwisha kuifanya. Kwangu tofauti yenyewe ndiyo hiyo: jinamizi ni haja iliyozuiwa, na ndoto njema ni haja iliyokwisha kutimizwa, na iliyotimizwa haina pa kwenda.

Msomaji atasema kwamba ziko ndoto njema zilizozaa vitabu vinene. Ni kweli. Stephenie Meyer wa Marekani aliota tarehe 2 Juni 2003 msichana na mnyonya damu kijana wakizungumza katika uwanda wenye jua, na kutokana na ndoto hiyo ikaja riwaya ya Twilight, iliyochapishwa mwaka 2005, ambamo ndoto yenyewe ndiyo sura ya 13. Lakini wale wawili walikuwa wakizungumza nini? Walikuwa wakipendana, na papo hapo kijana akipambana na kiu ya damu ya yule ampendaye. Jua na maua ni ya ndoto njema. Mgogoro umetoka upande wa pili. Ndoto njema yenye mwiba ndani yake ni hazina kuliko zote mbili nilizozitaja, na aliyejaaliwa kuiota asiulize tena ushauri. Nyingi hazina mwiba huo.

Kuchukua hofu, kuacha vyombo

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika rasimu za wanaotumia majinamizi ni kuyaandika yalivyo. Mwenye kuota anaamini kwamba wikio lililoshuka na kwato za punda ndivyo vilivyomtisha, kwa hiyo hulimwaga lote karatasini kwa mpangilio ule ule, na msomaji hatishiki. Hofu ya ndoto haimo katika vyombo vyake. Ernest Hartmann, daktari wa Marekani aliyeyachunguza majinamizi kwa miaka mingi, alieleza kwamba ndoto hutafuta picha ya kuchukua hisia iliyotawala moyoni. Aliyenusurika na moto, kwa mfano, anaweza kuota wimbi kubwa la bahari likimjia, kwa kuwa wimbi linabeba ile hisia ya kuelemewa hata kama yeye hakuguswa na maji. Mwandishi hufanya safari hiyo kwa kurudi nyuma: kutoka kwenye picha hadi kwenye hisia, kisha kutoka kwenye hisia hadi kwenye maisha ya mtu mwingine kabisa.

Jinamizi langu la mlangoni nililiacha wiki mbili. Nikajiuliza, mbali na punda na vichochoro, ni nini hasa nilichokiogopa, na jibu likawa kwamba niliogopa kufika kwetu nikakuta nafasi yangu imekwisha kuchukuliwa, na mama hajui tofauti. Nilipoliona hilo, nilimwona pia mhusika wangu, naye hakuwa mimi. Ni mwanamke aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, akatuma fedha kila mwezi kwa miaka mingi, akarudi akakuta mama yake amezeeka na kumbukumbu zimemtoka, na anamwita binti mdogo, aliyebaki kumuuguza, kwa jina la yule aliyekuwa ughaibuni. Mdogo haitiki kwa ubaya. Anaitika kwa sababu kumsahihisha mama kila siku kunamliza mama. Katika hadithi iliyokamilika hakuna wikio, hakuna punda, wala hakuna sauti ya jini. Kuna mlango, na mama anayeuliza nani, na mtu anayejibu kutoka ndani. Walioisoma waliniambia kwamba nywele zao zilisimama mahali pale, na hakuna aliyejua kwamba palitoka usingizini.

Mwandishi Robert Louis Stevenson wa Scotland alifanya jambo linalofanana na hilo, kwa ukubwa wake. Akiwa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1885, alikuwa amekwisha kutafuta kwa muda mrefu hadithi ya kubeba wazo lake kuhusu uwili wa nafsi ya binadamu, na kwa siku mbili alikuwa akiisumbua akili apate mkasa wa namna yoyote. Usiku ukamletea jinamizi, akapiga kelele usingizini mpaka mkewe Fanny akamwamsha, naye akamlaumu kwa kumkatizia hadithi nzuri ya kutisha. Katika makala yake ya mwaka 1888 kuhusu ndoto alibainisha kwamba alichopewa usingizini kilikuwa tukio la dirishani, na lile la mtu anayekimbizwa kwa uhalifu, anayekunywa unga na kugeuka mbele ya wanaomwandama. Yaliyobaki aliyatunga akiwa macho. Novela ya Jekyll na Hyde ilitoka mwaka 1886. Ninasisitiza ule utangulizi wa kutafuta, kwa sababu wengi huusahau: jinamizi lilimkuta akiwa na swali tayari.

Mary Shelley, mwandishi wa Frankenstein, naye alikuwa na swali. Alikuwa na umri wa miaka 18, kiangazi cha 1816, kando ya Ziwa Geneva, pamoja na kundi lililoshindana kutunga hadithi za mizimu kwa kuwa mvua iliwafungia ndani. Kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alijibu hapana. Usiku mmoja, baada ya kusikiliza mazungumzo marefu kuhusu asili ya uhai, alijilaza na, kati ya macho na usingizi, akamwona mwanafunzi aliyepauka amepiga magoti kando ya kitu alichokiunganisha, na kitu kile kikatikisika, kisha kikasimama kitandani kwake kikimtazama. Alieleza katika dibaji ya mwaka 1831 kwamba alifumbua macho kwa hofu na kujaribu kujituliza kwa kutazama vitu vya chumbani, na kwamba asubuhi alitambua jambo moja: kilichomtisha yeye kitawatisha na wengine. Alianza kuandika kuanzia tukio lile lile la usiku wa Novemba. Hata hivyo, katika toleo hilo la 1831 tukio hilo limo katika sura ya 5. Alianza nalo, lakini hakulianzisha kitabu nalo. Msomaji hupewa kwanza familia, utoto na tamaa ya elimu, ili kiumbe kinapofumbua jicho pawe na kitu cha kupotea.

Kwa hiyo anayechagua jinamizi na asubiri siku kadhaa, hadi aweze kulisimulia bila moyo kumwenda mbio. Anayechagua ndoto njema asisubiri hata dakika tano. Na yeyote achaguaye chochote kati ya hizo asimalizie kwa maneno “kumbe nilikuwa naota”. Tulifundishwa kumalizia insha hivyo shuleni tulipokosa pa kumtoa mhusika, na msomaji aliyekwisha kumlilia mtu kwa kurasa kumi huona kwamba machozi yake yamechezewa.

Ruhusa

Nilipokuwa mdogo nilimwamsha bibi yangu usiku, nikamwambia, “Bibi, nimeota mambo mabaya.” Hakuniuliza ni mambo gani. Aliniambia, “Usinisimulie, mjukuu wangu. Jikinge kwa Mola, tema kushoto mara tatu, ugeuke ubavu wa pili ulale.” Hayo ndiyo mafunzo ya Mtume tuliyolelewa nayo: ndoto njema ni ya Mwenyezi Mungu, na husimuliwa kwa mtu unayempenda, ndoto mbaya ni ya shetani, na haisimuliwi kwa yeyote, nayo haitamdhuru mwenyewe. Ipo na aina ya tatu, ambayo ni nafsi inayojisemea yenyewe yale yaliyoishughulisha mchana. Hata ile njema ina mpaka wake, kwa kuwa Nabii Yusuf alipoziona nyota kumi na moja na jua na mwezi vikimsujudia, baba yake alimkataza kuwaeleza ndugu zake.

Mtu aliyekulia katika malezi haya ana haki ya kuuliza kama kuandika jinamizi ni kulisimulia. Mimi si mwanachuoni, na anayetaka hukumu na amwendee anayeijua. Ninachoweza kusema ni namna ninavyofanya. Simsimulii mtu ndoto mbaya, siiandiki kama ndoto yangu, wala siiagui. Ninaichukua ile hofu, ambayo ni yangu iwe imekuja usingizini au sokoni, na ninamtungia mtu asiyekuwepo mahali pa kuiishi. Yapo maonyo mengine ambayo mwandishi anapaswa kuyashika kwa mikono miwili: anayedai kuwa ameota asichokiota atatakiwa Siku ya Kiyama afunge fundo punje mbili za shayiri, naye hataweza. Kwa hiyo asiseme mwandishi, ili kuipamba kazi yake, kwamba aliota yale aliyoyabuni. Hadithi ijitegemee.

Kuna hekima nyingine katika mafunzo hayo ambayo imenisaidia kazini: kwamba ndoto huwa imeningʼinia kwenye mguu wa ndege mpaka iaguliwe, na ikishaaguliwa hutua. Nimeona rasimu nyingi zikifa kwa sababu mwandishi aliharakisha kuamua kwamba maji maana yake ni mali na nyoka maana yake ni adui, akatunga hadithi ya kuthibitisha maana hiyo. Ndoto njema huathirika zaidi kwa haraka hii, kwa kuwa ni nyepesi na maana yoyote huielemea.

Pale ambapo jinamizi halifai

Upendeleo wangu una mpaka mmoja. Liko jinamizi linalorudi lile lile, usiku hadi usiku, kwa mtu aliyepatwa na jambo la kweli. Kijana mmoja aliyekuwa akiniletea maandishi yake alinusurika mashua ilipopinduka na nduguye hakunusurika, naye alikuwa akiota kila wiki mkono unaomteleza. Alitaka kuuandika mkono ule. Rasimu yake ya kwanza ilimkosesha usingizi siku tano, na nilimshauri aiweke kando. Kumbukumbu ya namna hiyo bado haijawa picha ya kitu kingine. Ni kitu chenyewe, na haina nafasi ya kugeuzwa. Iko tiba ambayo mtu huandika jinamizi lake linalorudi, akalibadilisha apendavyo, kisha akalipitia akilini lile jipya kila siku. Daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001 matokeo ya kuitumia kwa wanawake waliofanyiwa ukatili, na majinamizi yao yalipungua. Ni kuandika, lakini ni kuandika kwa ajili ya kulala. Mwisho unaomponya mwotaji unaweza kuwa dhaifu kabisa katika hadithi, na mwisho unaoifaa hadithi unaweza kumrudisha majini. Mwenye jinamizi la aina hii na achague ndoto njema, au aandike mambo ya mchana, na atafute mhudumu wa afya wa kuzungumza naye. Yule kijana sasa anaandika kuhusu mafundi wa mashua wa Matondoni, na mikono imo, ila inashika shoka na uzi wa kalafati.

Wapo pia wanaoyatafuta majinamizi kwa kukesha, kwa kutafuna miraa hadi usiku wa manane, wakidhani kwamba akili iliyochoka huona mengi. Asiyelala haoti. Ninawasihi waache.

Na zile kurasa 11 za jahazi? Mwaka wa tano nilikuwa ninaandika habari za nahodha mzee anayekata roho nyumbani kwake, mtaa wa Langoni, huku wanawe wakigombania nyumba chini ya ghorofa yake, na sikuwa na kitu cha kumpa cha kutazama. Nilikwenda kwenye mkoba nikampa bahari ile yote. Ilichukua nusu ukurasa: mji umezama, milango iko wazi, halua inapokezwa kutoka madarini, na chini, mbali sana, sauti za wanawe. Haja ilikuwa imetoka kwingine, na ndoto njema ilipoikuta ikaanza kufanya kazi. Tangu hapo situpi ndoto njema hata moja. Nazipanga daftarini kwa mahali, kama mtu anayeweka vyombo kwenye zidaka, na majinamizi nayapanga kwa haja: anataka kuingia, anataka kusikika, anataka kurudishiwa. Nikianza hadithi nafungua kwanza upande wa haja.

Ziko chache ambazo siziweki upande wowote. Bibi yangu alinijia mara moja baada ya kufariki, karibu na alfajiri, akaketi dakani na leso yake ya manjano, akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba bado. Daftarini nimeandika tarehe tu.